WASICHANA WA UFUNDI HAWATAKI KEKI, WANATAKA NAFASI

Ndugu Wafanyakazi, wanaume kwa wanawake,

Nimeomba nafasi katika karatasi hii ya Chama niseme habari ya jambo ambalo wengi wetu hulisoma gazetini na kulipita, tukidhani ni la watu wa vyuo vikuu. Jambo lenyewe ni hili: binti zetu waliosoma sayansi na ufundi wasaidiwe namna gani waingie kazini, na wakiisha kuingia wakae? Mimi nasema jambo hili ni letu sisi watu wa reli, na lisiposhikwa na Chama halitashikwa na mtu ye yote pale mahali linapouma.

Kila tarehe 11 Februari ni siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Haupiti mwezi, huja tarehe 8 Machi, siku ya wanawake wote. Basi keki hukatwa, fulana hugawanywa, na bwana mkubwa husoma hotuba aliyoandikiwa. Msichana mmoja huvalishwa kofia ngumu mpya, hata karatasi ya dukani haijabanduliwa, akapewa spana ashike apigwe picha. Kesho yake spana hurudi stoo na msichana hurudi nyumbani kutafuta kazi. Sisemi keki ni mbaya, hata mimi huila. Nasema keki si kazi.

Wala mtu asije akasema nawatukana wale wasaidiao kweli. Liko shirika la FAWE, la wanawake wa elimu wa Afrika, lililoanzishwa mwaka 1992, na makao yake makuu ni hapa Nairobi. Limepigania wasichana wasome. Liko AkiraChix, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake wenyewe wa kazi ya kompyuta, ambalo huchukua wasichana wa jamaa maskini likawafundisha mwaka mzima bila karo. Hao wamefanya sehemu yao. Wamemfikisha msichana mlangoni. Lakini mlango wa karakana, ndugu zangu, haufunguliwi na mashirika hayo. Ufunguo mmoja anao mwajiri, na wa pili tunao sisi, nao ni Mapatano ya kazi tunayotia sahihi naye. Huo wa pili tumeuacha mfukoni ukiota kutu.

Sikilizeni niliyoyaona kwa macho yangu. Kabla sijaingia reli nilikuwa kibarua katika karakana moja ambayo jina lake silitaji. Alikuja hapo msichana wa diploma ya mitambo kutoka chuo cha ufundi, kufanya mafunzo ya kazi miezi mitatu, maana bila miezi hiyo hapati cheti. Nauli ilikuwa juu yake, chakula juu yake, na posho hakuna. Wavulana wawili waliokuja naye walipelekwa siku ile ile kwenye mashine ya kukereza chuma. Yeye akapewa birika. Alipika chai, akaandika daftari la kuingia na kutoka, akapanga mafaili. Choo kilikuwa kimoja kwa watu wote, nacho hakina komeo, basi kila alipohitaji alivuka barabara mpaka kituo cha petroli, na msimamizi akamhesabia dakika. Siku moja fundi mmoja mzee alisahau miwani yake, akamwita amsomee mchoro wa gia. Msichana akausoma wote, tena akamwonyesha kipimo kimoja kilichoandikwa vibaya. Mzee akamshukuru sana. Kesho yake birika likaendelea.

Miezi mitatu ilipokwisha, kitabu chake cha mafunzo kilipigwa mhuri na kutiwa sahihi ya kwamba amejifunza kukereza, kuchomelea na kufungua injini. Kitabu safi, uongo mtupu. Sasa akienda kuomba kazi ataambiwa, “Weka chuma hiki kwenye mashine tuone,” na mikono yake haijapata kuigusa mashine. Halafu mabwana watatikisa vichwa na kusema, “Mnaona? Wasichana hawa wana vyeti tu, ujuzi hawana.” Nami nauliza, ujuzi huo nani aliwanyima?

Na msiniambie fedha za kufundisha hazipo. Mwajiri yampasa kulipa ushuru wa mafunzo kwa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Hesabuni wenyewe. Mwenye wafanyakazi 1,000 hulipa shilingi 600,000 kwa mwaka, na akifundisha watu wake kwa utaratibu uliowekwa aweza kudai arudishiwe gharama zake. Basi ni tawi gani la Chama lililowahi kumwuliza mwajiri: fedha mlizorudishiwa zilifundisha watu wangapi, na katika hao wanawake ni wangapi? Sisi huuliza habari ya posho ya chakula, huuliza habari ya sabuni, na ni vema. Hili hatuulizi.

Sheria nayo ipo, imelala kabatini. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke, nayo yataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Yampa mama miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi katika kazi yake, au katika kazi imfaayo kwa masharti yasiyopungua yale ya kwanza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yataka vyoo vya kutosha, vya wanawake mbali na vya wanaume. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mahali pa mama kunyonyeshea kazini, na nafasi ya kufanya hivyo katika saa za kazi.

Lakini kifungu ninachotaka mkisome mara mbili ni cha 6 katika ile Sheria ya Kazi. Chasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima aandike kanuni za kuzuia wanawake na wanaume wasisumbuliwe kwa mambo ya mapenzi kazini, na kabla ya kuziandika lazima ashauriane na wafanyakazi au wawakilishi wao. Wawakilishi ni nani? Ni sisi! Mwajiri akiziandika peke yake ofisini, akazibandika nyuma ya mlango wa mkuu wa idara, kosa la kwanza ni lake na la pili ni letu tuliokaa kimya. Msichana anayeshikwashikwa na msimamizi wake usiku katika shifti hana haja ya hotuba ya kumtia moyo. Ana haja ya mwakilishi wa Chama ajuaye kifungu cha 6, awezaye kuingia ofisini asubuhi pamoja naye.

Sasa niwajibu wale wanaonung'unika. Nawajua, tunakunywa chai pamoja.

Wa kwanza husema kazi ya reli ni ya nguvu. Kwa watu wa genge wanaonyanyua mataruma sitabisha kwamba ni nguvu, ingawa sijaona mwanamke wa kijijini kwetu aliyeuliza uzito wa mzigo wa kuni kabla ya kuubeba. Lakini wazee wetu wa karakana hupenda kusimulia habari za injini za Garratt aina ya 59, zilizoletwa kutoka Manchester mwaka 1955 na 1956, 34 kwa jumla, kila moja tani 250 na zaidi, zikaitwa kwa majina ya milima. Ni kweli, zilikuwa kubwa kuliko injini zote za reli ya upana wa mita. Nendeni mkaitazame Mount Gelai pale makumbusho ya reli Nairobi. Lakini mwulizeni mzee, je, fayaman wake alikuwa akitupa makaa kwa sepetu? Hapana. Zilichoma mafuta mazito, na fayaman alifungua vali na kusoma geji. Ikiwa mlima ule wa chuma uliendeshwa kwa vali na geji, itakuwaje leo, tukiwa na magari ya dizeli yaliyonunuliwa Hispania na kuanza kazi Nairobi mwaka 2020, na ishara za reli mpya zinazotawaliwa na kompyuta? Siku hizi anayeshindwa ni asiyejua kusoma mchoro wa umeme. Na wasomao michoro hiyo vyuoni, wengine ni wasichana.

Mwingine husema kwamba mwanamke ataolewa, atazaa, ataacha kazi. Nchini Uhindi, Surekha Yadav alisoma diploma ya umeme katika chuo cha ufundi, akaingia reli katika miaka ya 1980 kama dereva msaidizi, akawa mwanamke wa kwanza wa nchi ile kuendesha treni. Aliolewa, akazaa. Mwezi wa Machi 2023 bado alikuwa katika kiti cha dereva, akileta treni ya mwendo wa kasi kutoka Solapur mpaka Mumbai. Na hapa kwetu, reli mpya ya Mombasa ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, miongoni mwa madereva walikuwamo wanawake vijana waliofunzwa China. Hawakuanguka kutoka mbinguni. Mtu alilipa, mtu akafundisha, mtu akawapa kiti. Mahali pasipokuwa na mambo hayo matatu hata mwanamume haendeshi.

Wako pia wanaosema sheria haimruhusu mwanamke kufanya kazi usiku kiwandani. Hao wamechelewa treni. Ile sheria ya zamani, Cap. 226, ndiyo iliyowakataza wanawake kazi ya usiku viwandani, nayo ilifutwa na hii ya 2007. Mkataba ulioifuta umeshafikisha umri wa kijana, na bado mtu anautumia uliokufa kama kisingizio. Kinachobaki si sheria, ni kitanda. Dereva akifika mwisho wa safari saa saba za usiku alale wapi? Zitazameni nyumba za landi za Muthurwa. Zilijengwa kwa ajili ya mwanamume mmoja aliye peke yake, mkewe yuko shamba, na yeye akichoka arudishwe huko. Wakoloni walipanga reli nzima kwa mtu wa namna hiyo, vyoo, vyumba vya kubadilisha nguo, vyumba vya mapumziko ya madereva na gadi, hata ukubwa wa viatu katika stoo. Msichana wa futi tano hupewa ovaroli ya mtu wa futi sita, akaikunja mara nne miguuni, kisha akijikwaa husemwa kwamba ufundi si wa wanawake. Ovaroli kubwa karibu na mashine inayozunguka ni mauti. Hilo nalo ni jambo la usalama, na usalama ni kazi ya Chama.

Halafu kuna wasiwasi ambao siwezi kuucheka, kwa sababu una njaa ndani yake. Ndugu husema, “Nafasi zenyewe ni chache, wanangu wa kiume wanakaa bure, nawe wataka tuwaingize wanawake?” Ndugu, nani aliyezipunguza nafasi? Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25, na mwaka 2017 ukodishaji ukavunjwa. Katika mabadiliko hayo maelfu ya watu wa reli walitolewa kazini. Je, kazi zao walipewa wanawake? Hata moja hamwezi kunionyesha. Zilikwisha. Mtu akiibiwa ng'ombe na simba hamwendei dada yake kumdai.

Tena fikirini mbele kidogo. Mwajiri akipata watu waliosoma, wasio na Chama, ambao aweza kuwaita “wanafunzi” mwaka baada ya mwaka na kuwalipa nusu au bure, atawaajiri kwa nini ninyi wenye mapatano? Wenzetu wa Uingereza waliliona jambo hili. Chama cha mafundi wa mashine cha kule, AEU, kilikuwa kimewafungia wanawake nje miaka yote. Vita ilipokuja, wanawake wakamiminika viwandani, na mwaka 1940 chama kikatia sahihi mapatano kwamba mwanamke afanyaye kazi ya mwanamume bila msaada wala usimamizi wa ziada apate mshahara ule ule baada ya muda wa kujifunza. Waajiri walifanya nini? Wengi walisema, “Huyu bado anasaidiwa,” wakamlipa pungufu. Mwanamke hakuwa na kadi ya chama hicho, basi ni nani angemtetea? Ilipofika mwaka 1943 ndipo AEU walipofungua mlango wakawaandikisha wanawake. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Walikwisha kuona kwamba mshahara wa chini wa jirani ni panya katika ghala yako.

Wala sisi Waafrika tusijifanye maneno haya ni mageni masikioni mwetu. Katika reli ya ukoloni Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini na sururu. Tuliambiwa mashine hatuziwezi, akili yetu haijakomaa, tukipewa injini tutaiharibu, na choo chetu kiwe kule. Watu wa reli na watu wa bandari walipogoma Mombasa Januari 1947 hawakuwa wakiomba kusifiwa siku moja kwa mwaka. Walitaka mshahara na masharti. Leo mjukuu wa watu hao anasimama katika karakana na kumwambia binti ya mwenzake maneno yale yale ya mnyapara wa Kizungu, kwa Kiswahili safi.

Nimeambiwa pia kwamba mwanamke msomi hana shida, anajisimamia. Basi someni habari za Wangari Maathai. Mwezi wa Januari 1966 alirudi kutoka Marekani na barua ya kazi katika chuo kikuu cha Nairobi, akafika na kuambiwa kazi amepewa mtu mwingine. Akapata nafasi katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Mnadhani hapo shida ilikwisha? Wanawake wahadhiri walioolewa hawakupewa nyumba na marupurupu kama wanaume, kwa kuwa ilisemwa waume zao watawatunza. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mwanamke wa sayansi kama yeye, wakadai masharti sawa. Na njia waliyoijaribu ilikuwa nini? Walitaka chama cha wahadhiri kigeuzwe kuwa chama cha wafanyakazi, kiweze kupatana na mwajiri! Mahakama haikukubali, lakini mengi ya madai hayo yalikubaliwa baadaye. Watu wengi wamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi namkumbuka zaidi kwa hilo la nyumba. Mtu mwenye elimu ya juu namna hiyo aliona kwamba shahada peke yake haimletei haki, akatafuta chama. Na sisi tulio nacho twakitumia kuchangia mazishi tu.

Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikaishia hapo. Lakini padre alitusomesha habari za binti watano wa Selofehadi, katika Hesabu 27. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na desturi ilisema urithi wawapite. Hawakwenda kulia nyuma ya hema. Walisimama mbele ya Musa na wakuu na mkutano wote, wakadai, na sheria ikabadilishwa. (Mbele kidogo, katika sura ya 36, wanaume wa ukoo wanarudi kulalamika. Kumbe wanung'unikaji walikuwako tangu zamani.) Angalieni tu mahali walipodai. Palikuwa mkutanoni.

Na mkutano wetu ukoje? Hapa niseme wazi, Katibu aniwie radhi. Mkutano wa tawi huitwa saa moja ya usiku, katika chumba kilicho nyuma ya baa, siku ya mwisho wa mwezi. Mama mwenye mtoto mchanga atafikaje? Fundi msichana anayekaa mbali na kupanda matatu mbili atarudije? Halafu twasema wanawake hawapendi Chama. Ada yao hukatwa kwenye mshahara kila mwezi kama yetu, wala haikatwi nusu.

Kwa hiyo nimepeleka hoja kwa Katibu wa Tawi, imetiwa sahihi na wanachama wanaotosha, nayo itasomwa mkutano ujao. Inataka mambo haya yatiwe katika madai yetu ya Mapatano mapya: kitabu cha mafunzo cha kila mwanafunzi, mvulana au msichana, kisipigwe mhuri mpaka mwakilishi wa Chama aulize kazi aliyofanya na kutia sahihi yake pia, kila karakana na kila nyumba ya mapumziko ya madereva iwe na choo na chumba cha wanawake chenye komeo, nguo na viatu vya kazi vije kwa kipimo cha mvaaji, mama aliye katika likizo ya uzazi asipoteze zamu yake ya kwenda kozi, mwajiri atuonyeshe hesabu ya fedha za mafunzo kila mwaka, na zile kanuni za kifungu cha 6 ziandikwe upya, sisi tukiwa mezani. Hoja inataka pia wawakilishi wawili wanawake, wachaguliwe na mafundi wenyewe wala wasiteuliwe kwa ajili ya picha.

Mwenyekiti amekubali mkutano uwe Jumamosi saa nane mchana, katika jumba la kijamii wala si nyuma ya baa. Nimewaalika wasichana waliomaliza chuo na ambao hawajapata mahali pa kufanyia mafunzo. Wataketi mstari wa mbele. Mwanachama ye yote mwenye neno la kupinga ana haki yake ya kusema, ila alisemee pale, akiwatazama usoni.

Ni mimi ndugu yenu katika Chama,
Fundi wa Mabehewa, Nairobi.